Kipimo cha damu cha jeraha la ubongo: Arusha na Moshi zina swali lao

Mwanzoni mwa Aprili 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kipimo cha damu kinachofanyika pembeni mwa kitanda cha mtu aliyeumia kichwa. Damu inatolewa mkononi kama ya kipimo kingine chochote, matone yake yanatiwa kwenye katriji, katriji inachomekwa kwenye mashine ya Abbott inayobebeka mkononi, na baada ya dakika 15 hivi daktari anapata jibu la kumsaidia kuamua kama mgonjwa aende CT-Scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, au la. Toleo la 2021 lilitaka damu izungushwe kwanza ili plazma itengane, na kazi hiyo inahitaji maabara. Hili jipya linatumia damu kama ilivyotoka mshipani. Kwa ukanda wetu hiyo ndiyo habari yenyewe, maana kipimo kisichodai maabara ndicho chenye nafasi ya kufika Karatu, Himo au Loliondo.

Nakiunga mkono, na ningependa kukiona kikifika. Ila lipo jambo la kulisema mapema, kabla mikataba haijaanza kuandikwa. Kipimo hiki kilibuniwa kwa ajili ya nchi yenye CT nyingi, ambako karibu kila anayegonga kichwa anapigwa picha na picha nyingi zinatoka safi. Kazi kiliyopewa ni kupunguza picha zisizo na haja. Huku kwetu CT ni chache, ziko mbali, na wengi wanazilipia mfukoni. Anayetutesa sisi ni yule mwenye damu inayokusanyika ndani ya fuvu ambaye hakupigwa picha kabisa. Swali lao na letu yako kinyume, na chombo kilichotengenezwa kujibu la kwanza kinaweza kulijibu la pili vibaya sana kama hatukukipanga upya.

Kwanza tuelewe kinapima nini. Ni protini mbili. Moja inaitwa GFAP, na makazi yake ni kwenye astrosaiti, zile seli zinazozishikilia na kuzihudumia seli za neva. Ya pili ni UCH-L1, iliyojaa ndani ya seli za neva zenyewe. Kichwa kikipata kishindo, seli zinapasuka au kuta zake zinalegea, na protini hizo zinavuja hadi kwenye damu. Watafiti wa Marekani waliofuatilia wagonjwa 584 wa ajali na kuchapisha matokeo 2016 walionyesha kwamba zote mbili huonekana ndani ya saa moja tangu mtu aumie. UCH-L1 hufikia kilele chake kama saa nane baada ya kuumia, kisha hushuka. GFAP hupanda polepole hadi kama saa 20 baada ya kuumia, na hudumu siku kadhaa. Kwa hiyo namba inayotoka kwenye mashine haina maana yoyote kama hujui mtu aliumia saa ngapi. Swali hilo, kwa majeruhi aliyeokotwa barabarani usiku na wapita njia, mara nyingi halina mtu wa kulijibu.

Leo hii jeraha la kichwa linapimwa kwa namna gani? Kwa kiasi kikubwa bado tunatumia kipimo cha Glasgow, kilichotolewa 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kinahesabu mambo matatu: macho yanafunguka vipi, mgonjwa anajibu vipi, viungo vinasogea vipi. Chini kabisa ni 3, juu kabisa ni 15. Hakihitaji umeme wala hela, muuguzi anaweza kukirudia kila saa, na kimeokoa watu wengi kuliko mashine nyingi za bei mbaya. Mwenye alama 13 hadi 15 anaandikwa kwenye faili kuwa ana jeraha dogo. Na ni kundi hilo la jeraha dogo ambalo kipimo kipya cha damu kimeruhusiwa kutumika kwalo: watu wazima wa miaka 18 na kuendelea, wenye alama 13 hadi 15, ndani ya saa 24 tangu kuumia.

Sasa chukua Jumamosi jioni njia ya Boma Ng'ombe. Kijana wa bodaboda kagongwa na gari dogo lililokuwa likipita lori. Kofia ngumu alikuwa nayo, ila mkanda wa kidevuni haukufungwa, ikaruka kabla kichwa hakijafika chini. Wenzake wawili wamemleta kwa pikipiki, wamembana katikati. Ana mchubuko juu ya sikio la kulia, anaitika jina, anajua yuko hospitali, ila siku anaikosea na maneno yanamtoka kwa kuburuzika. Ananuka mbege. Anaandikiwa alama 14. Mwenzake mmoja yuko mbioni kutafuta PF3 polisi, mwingine yuko nje na simu sikioni anaomba hela ya CT kwa shemeji yake. Muuguzi anamulika mboni za macho, ziko sawa. Anasogezwa kwenye benchi kwa sababu vitanda vimejaa. Saa saba usiku anatapika. Saa nane, aliyekuja kumwamsha anakuta mboni ya kulia imepanuka na haijibu mwanga.

Kila aliyewahi kufanya zamu ya usiku kwenye mapokezi ya dharura katika ukanda huu ameshamwona kijana huyo, kwa sura nyingine. Ile alama moja aliyopungukiwa jioni, ilikuwa ya pombe au ya mshipa uliopasuka chini ya fuvu? Kipimo cha Glasgow hakiwezi kutofautisha. Kinasoma ulimi na macho, na pombe inavuruga ulimi na macho.

Hili si jambo dogo kwetu. Tangu 2013, madaktari wa hospitali ya KCMC pale Moshi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke wamekuwa wakitunza rejista ya majeruhi wa kichwa wanaofika hospitalini hapo. Kinachojitokeza ni kile ambacho mtu wa mtaani angekisia: wengi ni wanaume, ni vijana, wameumia barabarani, na pikipiki imo kwa wingi. Pombe nayo imejitokeza kiasi kwamba timu hiyohiyo ilibuni ushauri mfupi kwa majeruhi walio hospitalini, ikauita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Kwa maoni yangu hapa ndipo kipimo cha damu kinapokuwa na hoja nzito kuliko mahali pengine popote. Protini iliyovuja haisomwi kwenye matamshi ya mgonjwa. Mlevi mwenye namba ya juu hawezi tena kuachwa alale hadi pombe imtoke.

Lakini namba hizo zinaaminika kiasi gani? Utafiti uliokifungulia mlango kipimo hiki ulichapishwa 2018, mwaka uleule FDA ilipotoa ruhusa ya kwanza kabisa. Ulihusisha watu 1,959 katika vituo 22 vya Marekani na Ulaya. Waliokutwa na jeraha kwenye CT walikuwa 125, yaani kama 6 katika kila 100. Waliohitaji kazi ya daktari wa upasuaji wa ubongo walikuwa 8 tu. Kipimo kiliwaambia watu 671 kuwa hawana dalili, na kati yao ni watatu tu ambao CT iliwakuta na kitu. Hayo ni matokeo ya kujivunia. Upande wa pili ndio unaotakiwa kusomwa kwa makini. Watu 1,288, karibu theluthi mbili ya wote, waliambiwa damu yao inaonyesha dalili ya jeraha, na katika hao, takriban 9 kati ya kila 10 picha zao zilitoka safi. Ni kama mbwa anayebwekea kila anayepita: mwizi hatapita kimya, lakini utaamka mara nyingi kwa ajili ya jirani.

Marekani wanaweza kumvumilia mbwa wa namna hiyo. Bila kipimo, wote 1,959 wangekwenda CT. Kwa kipimo, theluthi moja wamepunguzwa. Ni faida tupu. Huku, kijana wetu wa Boma Ng'ombe akiambiwa damu ina dalili, inayofuata ni hela ya gari, hela ya picha, na safari. Familia moja ikiuza mbuzi wawili kwa ajili ya picha iliyotoka safi, habari itaenea, na anayefuata hatakwenda.

Kuna hesabu nyingine ambayo inanitia wasiwasi zaidi, na nitaieleza taratibu kwa sababu inabeba hoja yangu yote. Uhakika wa jibu la "huna" unategemea wagonjwa uliowapima ni wa aina gani. Katika utafiti ule wenye majeraha walikuwa 6 katika 100, kwa sababu Marekani hata aliyejigonga kwenye mlango wa kabati anakwenda hospitali. Huku aliyejigonga kidogo anabaki nyumbani akijikanda maji ya moto. Anayefika hospitali ya rufaa ameshachujwa na umbali, na umaskini, na zahanati mbili alizopitia. Tuchukulie mfano tu, kwamba katika wagonjwa 1,000 wanaofika kwetu wakiwa na alama 13 hadi 15, walio na jeraha kwenye CT ni 300. Kipimo kikifanya kazi vizuri vilevile kama kule, kitawakosa 7 kati ya 300. Wale 700 wasio na jeraha, kitawaambia kama 255 kuwa hawana. Jumla ya walioambiwa "huna" ni 262, na ndani yao wamo 7 ambao wanacho. Ni mmoja katika kila 37. Kule alikuwa mmoja katika kila 224. Kipimo hakijabadilika hata kidogo, lakini jibu lake limepungua nguvu mara sita.

Kwa sababu hiyo sikubali kwamba huku jibu la "huna" litumike kumruhusu mtu arudi nyumbani. Litumike kumbakiza wodini. Mgonjwa wa hospitali ya wilaya mwenye damu safi na alama 15 anaweza kulala hapohapo, aangaliwe kila saa, mboni zimulikwe, alama zihesabiwe na kuandikwa, badala ya kupakiwa usiku kwenye gari kuelekea Arusha. Mwenye dalili kwenye damu na alama pungufu apakiwe sasa hivi, asingoje kutapika. Kutoka Karatu hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 130, na njiani kuna mteremko wa Mto wa Mbu ambao hakuna dereva anayependa kuushuka usiku wa mvua. Uamuzi wa kuianza safari hiyo jioni au alfajiri ndio uamuzi ambao kipimo cha dakika 15 kinaweza kuuboresha, kuliko uamuzi wowote unaofanyika mjini.

Mjini hali ni tofauti kidogo. Serikali imesambaza mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa katika miaka ya karibuni, na ukiwa Arusha au Moshi umbali unahesabika kwa dakika. Pale kikwazo kinabaki kuwa malipo na foleni, na wakati mwingine mashine kuharibika. Siku mashine imeharibika kipimo cha damu kina kazi. Siku inafanya kazi, mwenye dalili apigwe picha, basi.

Sasa nije kwenye damu yenyewe, damu ya nani. Kabla ya GFAP na UCH-L1 kulikuwa na S100B, protini ambayo nchi za Skandinavia ziliiingiza kwenye mwongozo wao wa 2013: aliyegonga kichwa kidogo, akipimwa ndani ya saa sita na namba ikawa chini ya mikrogramu 0.10 kwa lita, anaweza kuruhusiwa bila CT. Ni mwongozo mzuri kwa watu waliouandikia. Lakini S100B haitoki kwenye ubongo peke yake. Imo kwenye mafuta ya mwili, na imo kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Mwaka 2003 jarida la Clinical Chemistry lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hata kwa watu wazima wa afya, wasioumia popote, kiwango cha kawaida cha S100B kinatofautiana kwa asili ya mtu: watu weusi na Waasia walikuwa nacho juu kuliko wazungu. Maana yake ni kwamba ukichukua mpaka uliowekwa Stockholm au Oslo ukauleta Tengeru, utawapata watu wenye afya kabisa ambao damu yao inasema wameumia ubongo. Sina sababu ya kusema GFAP ina tatizo hilohilo, kwa sababu makazi yake ni tofauti. Ninachosema ni kwamba mpaka wa kipimo ni kitu kinachotakiwa kupimwa kwa watu watakaokitumia, na S100B ni ushahidi tosha kwamba hili si suala la kujivuna kwa utaifa.

GFAP ina mambo yake. Hupanda kadiri umri unavyosogea, hivyo mzee wa miaka 75 na kijana wa miaka 22 hawatoki kwenye mstari mmoja. Hupanda pia mtu akipata kiharusi cha kuvuja damu. Mzee wa Marangu aliyekutwa chini ya mti aliokuwa anaukata majani ya ng'ombe ameanguka akaumia kichwa, au alipata kiharusi ndipo akaanguka? Damu yake itasema ubongo umejeruhiwa, na haitasema kipi kilitangulia. CT itasaidia, na mke wake akiulizwa kama asubuhi alilalamika mkono kufa ganzi atasaidia zaidi. Kuhusu watoto nitasema kwa kifupi: katriji hii imeruhusiwa kwa watu wazima tu, na mtoto aliyekuwa amekaa mbele ya tenki la pikipiki ya baba yake hayumo. Hilo pekee linatosha kuzuia mtu yeyote asidhani kipimo kimemaliza tatizo.

Kaskazini mwa nchi yetu tuna uzoefu wa kipimo kipya kinachofika mkononi mwa mtabibu, na ni vizuri tuukumbuke. Vipimo vya haraka vya malaria vilipokuja, utafiti uliofanyika kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa na jarida la BMJ 2007 ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa walioonekana hawana malaria walipewa dawa za malaria vilevile. Kipimo kilikuwa sahihi, ila mtabibu hakukiamini zaidi ya mazoea yake, na mgonjwa naye alikuja akiwa ameshaamua ni malaria. Ilichukua miaka ya mafunzo, miongozo na usimamizi kubadilisha hali hiyo. Na kipimo cha malaria kilikuwa cha bei ya chini, hakikuhitaji friji wala mashine. Katriji za mashine hizi zinatunzwa kwenye baridi na zina tarehe ya mwisho. Kila anayefanya kazi kwenye hospitali zetu anaijua sentensi "vitendanishi vimeisha". Mashine nzuri iliyokaa mezani bila katriji ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu watu wameshaacha kumulika mboni wakiingoja.

Hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipo. Muuguzi mmoja kwa wodi nzima, akipewa namba ya kwenye mashine, atajaribiwa kuipunguza kazi ya kurudi kwa mgonjwa kila saa. Lakini damu inayokusanyika chini ya fuvu haisubiri. Inaweza kumwacha mtu akizungumza saa tatu, nne, kisha ikambana ubongo kwa dakika chache. Namba ya saa moja usiku haimlindi mtu wa saa nane usiku. Na kama shinikizo la damu limeshuka au oksijeni ni ndogo, ubongo ulioumia unaumia mara ya pili, iwe una katriji au huna. Hospitali isiyo na mtungi wa oksijeni unaofanya kazi isizungumze habari ya GFAP bado.

Hata hivyo kuna kundi moja ambalo kwa ajili yake ningekitaka kipimo hiki kesho asubuhi, na ndilo kundi linalosahaulika kabisa. Ni wale ambao CT yao imetoka safi. Wanaambiwa "huna tatizo", wanapewa panado, wanarudi nyumbani. Mwaka 2019 watafiti wa mradi wa TRACK-TBI wa Marekani walichukua watu 450 wa namna hiyo, wote wenye CT safi, wakawapiga MRI, picha inayoona kwa undani zaidi ya CT. Watu 120, zaidi ya robo, walikuwa na jeraha ambalo CT haikuliona. GFAP yao siku ya ajali ilikuwa juu kwa mbali: kiwango cha kati kilikuwa 414, ikilinganishwa na 74 kwa wale ambao MRI yao pia ilikuwa safi.

Nafikiria mtu kama fundi cherehani wa soko la Kiboriloni aliyegongwa akivuka barabara. CT safi. Wiki ya tatu anakosea vipimo vya nguo alizozishona miaka kumi. Kelele za soko zinamchosha, mwanga unamuuma, anakasirikia watoto bila sababu, usiku halali. Nyumbani wanaanza kusema amebadilika. Wengine wanasema anadeka, wengine wanataja mkono wa mtu. Bima ya gari lililomgonga inaona karatasi ya CT iliyoandikwa safi, inalipa kidogo au hailipi. Mtu huyu hana upungufu wa akili wala hajalogwa, ubongo wake umeumia, na hana karatasi hata moja inayosema hivyo. Namba ya GFAP ya siku ya ajali ingekuwa karatasi hiyo. MRI hawezi kuilipia, lakini tone la damu lilikuwepo siku ileile.

Nisizidishe. Kundi hilohilo la watafiti lilichapisha 2022 matokeo ya watu 1,696 yaliyoonyesha kwamba protini hizi za siku ya kwanza zinabashiri vizuri nani atafariki au kubaki na ulemavu mkubwa ndani ya miezi sita, ila zinashindwa kubashiri nani atabaki na hali ya kutopona sawasawa. Kwa hiyo namba ya juu inathibitisha kuwa ubongo uliumia, lakini haitamwambia fundi wetu lini maumivu yatakwisha. Na namba ya chini haina haki ya kutumiwa kumwambia mtu anaigiza. Nasema hili mapema kwa sababu najua mwanasheria wa bima atakuwa wa kwanza kulijaribu.

Dunia yenyewe inaelekea kubadilisha namna ya kuyaita majeraha haya. Mei 2025, wataalamu 94 kutoka nchi 14 walitoa kwenye Lancet Neurology mfumo mpya wenye nguzo nne: hali ya mgonjwa kitandani, viashiria vya damu, picha, na mambo yanayomzunguka kama umri, magonjwa aliyokuwa nayo na maisha yake ya nyumbani. Wanataka tuachane na kuwapanga watu kuwa wa jeraha dogo, la kati na kali kwa alama ya Glasgow peke yake. Nakubaliana nao. Na kati ya nguzo hizo nne, ile ya nne tunaweza kuianza leo bila kununua chochote: pale mapokezi mgonjwa aulizwe anaishi na nani, nani atamwamsha usiku, simu ya jirani ni ipi, na je, anaendesha pikipiki ya mkataba ambayo mwenyewe ataidai hesabu keshokutwa.

Kwa upande wa damu, Moshi ina kitu ambacho miji mingi ya Afrika haina. Ina rejista ya miaka zaidi ya kumi, na data zake zilishatumika kutengeneza modeli ya kompyuta ya kubashiri matokeo kwa kutumia wagonjwa zaidi ya 3,000. Watu wa kufanya kazi hii wapo, wanajua kuomba ridhaa kwa mama wa Kichaga na kwa morani wa Simanjiro, na wanajua simu za wagonjwa zinavyopotea baada ya mwezi mmoja. Kinachokosekana ni bomba la damu la ziada kwa kila anayeingia.

Hivyo mkurugenzi wa hospitali, hapa Moshi au Arusha, akitembelewa na wakala mwenye mashine na slaidi nzuri, asianze na bei. Aulize mpaka uliowekwa ulipimwa kwa nani. Aombe katriji za majaribio za mwaka mzima, zikiwa na friji, kwa ajili ya watu wazima wote watakaofika na alama 13 hadi 15, wakiwemo walionuka pombe, ambao tafiti nyingi huwaweka pembeni na sisi ndio tunaowahitaji zaidi. Kila mmoja aandikiwe saa ya kuumia kadiri inavyojulikana, apimwe damu, kisha apigwe CT bila kujali damu imesema nini, kwa sababu bila hivyo hatutajua kamwe ni wangapi tumewakosa. Damu ya watoto, kwa ridhaa ya wazazi, ihifadhiwe ipimwe kama utafiti tu, isitumike kuamua tiba. Baada ya miezi sita kila mmoja apigiwe simu aulizwe kama amerudi kazini. Hospitali za wilaya mbili tatu za pembeni ziingizwe tangu mwanzo, maana huko ndiko uamuzi wa rufaa unakofanyika. Na gharama ya CT ya kila mshiriki ilipwe na mradi au na kampuni inayotaka kutuuzia, isitoke mfukoni mwa familia ya mgonjwa hata shilingi moja.